Kumpumzisha mzee kupita kiasi ni kumzeesha mara mbili

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo linalofanyika katika nyumba nyingi za mijini, tena kwa nia njema kabisa. Ni ile desturi ya kumtoa mama au baba kijijini na kumleta mjini ili, kama tunavyosema wenyewe, "apumzike."

Mambo huenda hivi. Mtoto amepata kazi, amejenga nyumba yake Mbezi au Chanika, au amepanga Mwanza au Arusha. Baba ameshafariki, mama amebaki peke yake, naye ana miaka sabini na kitu. Ndugu wanashauriana na kukubaliana kwamba ni aibu mama aendelee kushika jembe ilhali ana watoto wenye mishahara. Anatumiwa nauli, anapokewa stendi kwa shangwe, anapewa chumba chenye feni, kitanda kikubwa, televisheni na binti wa kumpikia na kumfulia. Akishika ufagio ananyang'anywa: "Mama, wewe kaa tu." Akitaka kuosha vyombo vya chai anaambiwa: "Bibi, acha, umeshafanya kazi ya kutosha."

Miezi sita baadaye, mama yule yule aliyekuwa akipanda kilima na ndoo kichwani anashikwa mkono kwenda chooni. Usiku hapati usingizi, mchana anasinzia kitini. Maneno yamepungua. Majina ya watu yanampotea. Watoto wanatazamana na kusema, "Mama kazeeka ghafla." Na hawakosekani wanaonong'ona kwamba pana mkono wa mtu.

Mara nyingi, ndugu zangu, hapana mkono wa mtu. Ninalotaka kulieleza leo ni kwamba mzee hadhoofishwi na umri peke yake. Hudhoofishwa pia na kuondolewa katika shughuli, katika mazungumzo na katika maamuzi. Kwa hiyo anayetaka kumtunza mzee wake vizuri asianze kwa kujiuliza atampumzisha vipi. Aanze kwa kujiuliza: mzee huyu anapenda kufanya nini, na ni kitu gani kinamzuia kukifanya?

Tuelewane kwanza juu ya maana ya kuzeeka vizuri. Watu wengi hudhani ni kuzeeka bila ugonjwa. Kwa kipimo hicho wachache sana watafaulu, maana ni nadra mtu kufika miaka sabini bila kusumbuliwa na goti, presha, sukari au macho. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti kubwa juu ya uzee na afya, na humo likaeleza kwamba kuzeeka kwa afya ni kujenga na kuhifadhi ule uwezo unaomwezesha mtu kufanya yale anayoyathamini. Uwezo huo hutokana na mambo mawili yanayokutana. La kwanza ni nguvu alizo nazo mtu mwenyewe, za mwili na za akili. La pili ni mazingira anamoishi: nyumba, njia, watu, fedha na desturi.

Chukua mfano wa bibi wawili, wote wana goti bovu la namna moja. Wa kwanza ana mkongojo, ana choo cha kukalia, ana kigoda cha kukalia anapochambua mchicha, na mjukuu wa kumsindikiza kanisani. Wa pili hana mkongojo, choo chake ni cha kuchuchumaa, na mlango wa nyumba una ngazi nne zisizo na kitu cha kushika. Ugonjwa ni mmoja, lakini bibi wa kwanza ni mtu wa watu na wa pili ni mfungwa. Ndiyo maana nasema uzee haumo mwilini tu. Nusu yake tunaitengeneza sisi tunaoishi na mzee.

Sasa tuanze na mwili. Kwa lugha rahisi, misuli ni kama mtumishi asiyetaka kukaa bure: usipompa kazi, anaondoka. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa watu wazima wachache wa umri wa miaka sitini na kitu hivi, wote wakiwa na afya njema. Walilazwa kitandani kwa siku 10 bila kuumwa chochote. Katika siku hizo 10 tu, kila mmoja alipoteza kwa wastani karibu kilo nzima ya misuli ya miguu. Kijana akilala siku 10 atainuka na kuirudisha nguvu yake. Kwa mzee, kurudi ni safari ndefu, na pengine harudi kabisa pale alipokuwa.

Mama yetu aliyeletwa mjini hakulazwa kitandani, lakini hebu tuhesabu alichopoteza. Kijijini alikuwa akiinama kupalilia, akisimama, akitembea kwenda kisimani, gulioni na msibani, akichuchumaa jikoni, akinyanyua kuni. Hakuna aliyeliita jambo hilo mazoezi, lakini ndilo lililokuwa likishikilia mwili wake. Mjini tumemwondolea vyote hivyo kwa siku moja na kumpa kochi. Kochi lenyewe ni la chini na laini, hata kijana humchukua muda kujinasua.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema mtu mzima, pamoja na aliyepita miaka 65, anahitaji walau dakika 150 kwa juma za shughuli inayomfanya apumue kwa kasi kidogo, kama kutembea kwa haraka. Kwa wazee mwongozo unaongeza jambo moja: siku tatu au zaidi kwa juma wafanye mazoezi ya kujenga nguvu na ya kuusimamisha mwili usiyumbe. Sababu yake ni kuanguka. Mzee akianguka na kuvunjika nyonga, mara nyingi huo ndio mwanzo wa kitanda, na baada ya kitanda huja vidonda vya mgongo na kichomi. Hatuhitaji ukumbi wa mazoezi kwa haya. Mzee akikaa katika kiti kigumu kisha akasimama bila kushika kitu mara kumi, asubuhi na jioni, tayari amefanya zoezi. Akisimama ameshika ukingo wa meza na kuinua mguu mmoja kisha mwingine, amefanya jingine. Na akiwa na ndoo sita za mchicha na nyanya uani za kumwagilia, amepata zoezi na mboga kwa pamoja. Mwenye ugonjwa wa moyo au aliyefanyiwa upasuaji aulize kwanza hospitali kiasi kinachomfaa.

Baada ya misuli, macho na masikio. Hapa pana maneno mawili yanayowaumiza wazee wetu kuliko tunavyodhani. Maneno yenyewe ni haya: "Uzee huo." Mzee akisema haoni, anajibiwa uzee huo. Asiposikia, uzee huo. Akisahau, uzee huo. Tunasema hivyo nyumbani, na wakati mwingine mhudumu wa afya naye husema hivyo hivyo na kumrudisha mzee na vidonge vya maumivu.

Lakini mtoto wa jicho si hukumu. Ni ukungu katika lenzi ya jicho, na upasuaji wa muda mfupi huondoa lenzi iliyochafuka na kuweka ya bandia. Mara nyingi mgonjwa huenda nyumbani siku hiyo hiyo. Aliyeshindwa kusoma Biblia au msahafu kwa sababu maandishi ya karibu yanamchezea, pengine anachohitaji ni miwani ya kusomea tu, ambayo haina gharama kubwa. Asiyesikia, huenda sikio limejaa nta ngumu ambayo muuguzi anaweza kuisafisha. Na hata pale ambapo usikivu wenyewe umepungua, kuna vifaa vya kusaidia, na kuna adabu isiyo na gharama yoyote: kumkabili mzee usoni, kuzima televisheni, na kusema taratibu badala ya kupiga kelele kutoka chumba kingine.

Hali kadhalika presha. Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, madaktari wa Tanzania na wenzao wa Uingereza waliwapima wazee wa miaka 70 na zaidi mnamo mwaka 2009 na 2010. Karibu saba katika kila kumi walikutwa na shinikizo la juu la damu, na wengi wao walikuwa hawajui. Presha haipigi hodi. Hukaa kimya miaka, kisha siku moja mzee anaamka upande mmoja wa mwili umepooza. Mkanda wa kupimia upo katika zahanati nyingi. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kumpeleka mzee akiwa bado mzima.

Katika utafiti huo wa Hai iliangaliwa pia hali ya akili. Ilionekana kwamba kama watu sita katika kila mia wa umri huo walikuwa na ule usahaulifu mkubwa ulio ugonjwa, si usahaulifu wa kawaida wa kutafuta funguo. Maana yake wazee zaidi ya tisini katika kila mia hawakuwa nao. Kwa hiyo si kweli kwamba mzee lazima achanganyikiwe. Na habari njema zaidi ilitolewa mwaka 2024 na jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali lililoitishwa na jarida la tiba la Uingereza liitwalo The Lancet. Jopo lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa huo, ambayo yote yanaweza kushughulikiwa, likakadiria kwamba karibu nusu ya wagonjwa duniani wangeweza kuepushwa au kucheleweshewa ugonjwa kama yangeshughulikiwa. Miongoni mwake yamo presha, sukari, kutosikia, kutoona, na kutojishughulisha kimwili. Limo pia jambo moja ambalo halina kidonge: upweke, yaani kutengwa na watu.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha mazungumzo ya leo. Hebu tutazame jinsi tunavyojenga. Nenda Mji Mkongwe wa Zanzibar, au mitaa ya zamani ya Lamu na Mombasa. Nje ya nyumba utakuta baraza, yaani benchi la saruji au mawe lililoshikamana na ukuta. Waliojenga nyumba zile walijua kwamba mtu anahitaji mahali pa kukaa akasalimiwa. Mzee aliyeketi barazani, hata kama hawezi kwenda popote, mtaa mzima unamjia: muuza kahawa, mtoto atokaye chuoni, jirani mwenye habari ya msiba. Anapata shikamoo arobaini kabla ya adhuhuri. Sasa tazama nyumba zetu mpya za pembezoni mwa jiji. Ukuta futi nane, vipande vya chupa juu yake, geti la chuma. Watu wazima wameondoka alfajiri kuiwahi foleni, watoto wako shuleni mpaka jioni. Bibi amebaki ndani na binti wa kazi, ambaye pengine hata lugha yake ya nyumbani hawaelewani. Tumemlinda mama yetu na wezi, tukamwibia watu.

Waswahili husema penye wazee hapaharibiki neno. Methali hiyo haisemi penye wazee waliolala. Inasema juu ya wazee waliopo, wanaosikilizwa. Mzee aliyekuwa akiamua lini kupanda maharage, nani apewe mbuzi, na mgogoro wa mpaka uishe vipi, akifika mjini haulizwi hata kitakachopikwa. Posa ya mjukuu inajadiliwa sebuleni, yeye anapelekewa chai chumbani. Shamba lake linauzwa, anaarifiwa baadaye. Mtu anayekaa mwaka mzima bila kuulizwa lolote hatimaye hunyamaza, na sisi tunasema akili imepungua.

Basi tufanye nini? Mzee akihamia mjini, juma la kwanza mtafutie watu kabla ya kumtafutia televisheni. Mpeleke msikitini au kanisani mkamtambulishe. Mpeleke kwa mjumbe wa mtaa. Ulizia kama mtaani pana kikundi cha kina mama wa kuweka na kukopa, au chama cha kufa na kuzikana, au watu wa kwao wanaokutana. Mnunulie simu ya vitufe vikubwa, mfundishe kupiga mwenyewe kwa wenzake wa kijijini, na umwekee salio bila kusubiri aombe. Weka kiti nje ya geti jioni. Na linapotokea jambo la familia, mwanzishe kwake.

Sasa najua baadhi yenu mnasema, "Mwandishi, unataka tuwatumikishe wazazi?" La hasha. Jambo hili lina upande wa pili na lazima nao tuuseme wazi. Wako kina mama wengi waliokwishaletwa mjini ambao hawakupumzishwa hata kidogo. Waliletwa kwa kisingizio cha kupumzika, kumbe binti wa kazi ameondoka na kuna mapacha wa miezi mitatu. Bibi anaamka saa kumi alfajiri, anabeba, anaosha, anapika, wala hana siku ya mapumziko, hana posho, na hakuulizwa. Huo nao ni udhalimu. Tofauti kati ya kushiriki na kutumikishwa ni ndogo kuisema lakini kubwa kuiishi. Anayeshiriki amechagua, anaweza kusema leo nimechoka, na kazi yake inaheshimiwa. Anayetumikishwa hana hata moja kati ya hayo matatu.

Kazi inayoheshimiwa inaweza kuwa kubwa kuliko tunavyofikiri. Nitatoa mfano wa Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alikuwa katika kitongoji cha Mbare mjini Harare. Watu walikuwa wengi wenye ile hali ambayo sisi mitaani tunaiita "mawazo" na ambayo Washona wanaiita kwa neno lenye maana ya kufikiri kupita kiasi. Hakuwa na wauguzi wa ziada, wala chumba. Alichopata ni bibi 14 waliokuwa wakijitolea katika kazi za afya za mtaa. Akawafundisha namna ya kumsikiliza mtu na kumsaidia kuchagua tatizo moja la kuanza kulitatua. Wakapewa mabenchi ya mbao chini ya miti, katika viwanja vya zahanati. Mpango huo ukaitwa Benchi la Urafiki.

Wakubwa wa tiba walitaka ushahidi, nao ukapatikana. Jaribio lilifanyika katika zahanati 24 za Harare kwa wagonjwa 573, na matokeo yakachapishwa Marekani mwaka 2016. Baada ya miezi sita, kati ya waliopata huduma ya kawaida, nusu walikuwa bado na dalili za sonona. Kati ya walioketi katika benchi na wahudumu wale wa mtaa, ni kama 14 tu katika kila mia. Sasa jiulize, ndugu yangu, wahudumu hawa walikuwa na nini ambacho bibi yako aliye mbele ya televisheni hana? Wamefundishwa, ndiyo, wanasimamiwa, na wamepewa mahali pa kukaa. Lakini mtaji wao mkubwa ni miaka waliyoishi, na mtaji huo hata bibi yako anao.

Wala tusiende mbali. Mkoani Kagera, ambako ukimwi uliacha nyumba nyingi zisizo na watu wa makamo, bibi na babu ndio waliobaki kulea. Walifanya kazi ya serikali, ya hospitali na ya wazazi, bila mshahara. Mwaka 2003 huko Nshamba, wilayani Muleba, ulianzishwa mpango unaoitwa Kwa Wazee. Uliwapa wazee maskini kiasi kidogo cha fedha kila mwezi, na nyongeza kwa kila mjukuu wanayemlea. Haukuishia kwenye fedha. Wazee walijiunga katika vikundi vya kutembeleana na kusaidiana. Wazee wale wamelea watoto wakaenda shule. Nani atasema walikuwa mzigo?

Fedha ni jambo ambalo tunaona haya kulizungumza na wazazi, lakini kushiriki katika jamii kunahitaji senti mfukoni. Msibani kuna mchango, kanisani kuna sadaka, kwenye kikundi kuna ada, na barazani kuna kahawa ambayo leo nimekununulia mimi na kesho utaninunulia wewe. Mzee asiye na chochote hukwepa mahali pote hapo kwa aibu, kisha tunasema hapendi watu. Zanzibar ililiona hilo. Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza kuwalipa pensheni wakazi wote wenye miaka 70 na zaidi, awe aliajiriwa au hakuajiriwa, Sh 20,000 kila mwezi kutoka katika bajeti yake yenyewe. Baadaye kiwango kiliongezwa. Kenya nayo mwaka 2018 ilianza kuwaingiza wazee wa miaka 70 na kuendelea katika mpango wake wa Inua Jamii, kwa kima cha shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Hakuna anayetajirika kwa fedha hizo. Lakini mtu mwenye uhakika wa chochote mwisho wa mwezi hukopesheka dukani, na humpa mjukuu pipi badala ya kumwomba. Kwa wewe uliye mjini, somo ni jepesi: hata kama unamlisha mzee wako na kumvika, mpe fedha yake mkononi, kila mwezi, siku ile ile, wala usimwulize ameitumiaje.

Nimalizie na mji wenyewe, kwa maana familia peke yake haiwezi yote. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya miji inayowafaa wazee. Liliwauliza wazee wenyewe katika miji 33 ya dunia, na Nairobi ilikuwamo. Majibu yao yalihusu mambo ya kawaida sana: njia za miguu zisizo na mashimo, mahali pa kukaa ukichoka, vyoo, taa, dereva anayesubiri uketi kabla ya kuondoa gari, maandishi makubwa, na kuheshimiwa unapohudumiwa. Ukitazama orodha hiyo utaona kwamba mji unaomfaa mzee unamfaa pia mjamzito, mlemavu, mtoto na mgonjwa.

Tupime na sisi. Daladala haina subira na mtu wa mkongojo. Konda anagonga bodi na gari linaondoka mzee akiwa na mguu mmoja ndani. Mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam, yaliyoanza kazi mwaka 2016, yalikuja na wazo zuri la jukwaa lililo sawa na mlango wa basi, kwamba hakuna kupanda ngazi. Lakini jukwaa sawa halimsaidii mzee anayesukumwa na vijana thelathini wanaogombea mlango. Hospitalini, kampeni ya kumpisha mzee kwanza na madirisha ya wazee yamesaidia, na yanapotekelezwa tusifu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, ilikwisha kusema kwamba wazee ni hazina na kwamba washirikishwe. Yapo na mabaraza ya wazee. Swali ni hili: mtaa wako unapopanga bajeti, unapochagua mahali pa kisima au zahanati, baraza hilo huitwa kutoa maoni, au huitwa tu kukaa mstari wa mbele mgeni rasmi anapokuja?

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya wachache. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Watanzania wapatao milioni 2.5 waliokwisha kufika miaka 60, na kadiri tiba inavyoboreka ndivyo idadi yao inavyopanda. Na wewe unayesoma gazeti hili ndani ya basi ukielekea kazini, unapiga hatua moja kila siku kuelekea kundi hilo. Kiti unachokataa kumpisha mzee leo ndicho utakachokikosa kesho. Na watoto wako nyumbani wanatazama unavyozungumza na bibi yao, wanajifunza watakavyozungumza na wewe.

Kwa hiyo juma hili nakupa kazi ndogo. Keti na mzee wako, zima televisheni, umwulize maswali matatu. Ni kitu gani ulikuwa ukikifanya kinachokupa furaha ambacho sasa hukifanyi? Ni nini kinachokuzuia? Na ni nani ungependa kumwona? Usimjibie. Msubiri, hata kama jibu litachelewa. Huenda kizuizi chenyewe ni miwani, au mkongojo, au ngazi isiyo na pa kushika, au nauli ya kwenda kumwona rafiki wa zamani Morogoro. Na huenda akakwambia kwamba anataka kurudi kijijini kwake, kwenye watu wake. Akisema hivyo, usikasirike na usione umeshindwa. Tafuteni pamoja namna atakavyoishi huko akiwa na msaada na bila hatari, kwa sababu aliyeulizwa lazima naye asikilizwe.

Heshima kwa mzee haiishii kwenye shikamoo. Inaendelea hadi kumpa kiti mahali watu walipo, neno katika mambo yanayomhusu, na kazi anayoiweza na kuipenda. Tukimpa hivyo vitatu, miaka itapita kama inavyopita kwa wote, lakini atazeeka mara moja tu.